Redi ya Fundi Njeru

Mimi siku hizi hakuna kitu kinaweza kunishtua. Niliachia shule darasa la saba, na leo ukiulizia mwenye ile ghorofa ya kijani pale mtaa wa Dallas, mjini kwetu, utaonyeshwa mimi. Mishtuko yangu yote niliimalizia Kianjokoma nikiwa mtoto.

Enzi hizo kulikuwa na kabati la gemu hotelini kwa Mama Wawira. Lilikuwa refu kuliko baba yangu, lina kioo kama cha TV na vifimbo viwili vya kuchezea. Unatumbukiza shilingi, unapigana mpaka mwenzako akusukume. Siku mashine ya ndani ilipoungua, Mama Wawira alipanga mandazi juu yake, tukabaki kunusa tu.

Lakini kioo kilikuwa kizima. Na rafiki yangu Mugendi alijua kwao kuna gemu ndogo ya nyumbani, zawadi ya mjomba wake wa Nairobi. Babake, Mwalimu, alikuwa ameifungia sandukuni ati mpaka Mugendi apite mtihani. Jumamosi moja Mwalimu akaenda harusi Kanyakine. Mugendi akaitoa. Ilikuwa lazima irudi sandukuni kabla ya mwenyewe kurudi.

Njeru, fundi wa redio, akaingia nyuma ya kabati na chuma chake cha moto aunganishe hiyo gemu na kile kioo. Mimi, kwa vile nilikuwa na akili kuwashinda wote, nikapewa swichi.

"Usiguse mpaka nikwambie," akasema.

Soko lote lilijaa mlangoni. Halafu sauti ikatoka nyuma ya kabati: "Redi."

Redi ni tayari, nikawasha.

Kumbe alikuwa anaitisha ledi, ile waya laini ya risasi ambayo mafundi huyeyusha kuunganisha vitu. Lakini ulimi wetu wa Kiembu na herufi l hawajawahi kusalimiana. Kioo kilimulika bluu mara moja, gemu ikafuka moshi, Njeru akatoka huko nyuma.

"Si nilisema redi?"

"Na mimi nikasikia redi."

Tulikuwa bado tunaulizana hivyo Mwalimu alipoingia na suti yake ya harusi. Hakutuchapa mimi na Mugendi. Alisema tu, "Mtachuma chai yangu mpaka nione imetosha." Ilitosha baada ya likizo mbili. Tulichuma na umande hadi vidole vikawa vyeusi, tukala githeri baridi tukikalia vikapu, na mmoja akisema "redi" tunaanguka kwa kicheko. Kazi niliijulia hapo. Shamba langu la kwanza lilikuwa la chai.

Watoto wa leo vidole vyao vinajua kusugua simu tu. Mwezi uliopita nikanunua kabati kuukuu kama lile, nikaazima gemu ya kijana wangu Kelvin, nikamwita Mugendi, sasa ana kipara, aje ashuhudie. Fundi wa nini? Nilimwachia Kelvin swichi, nikaingia nyuma mwenyewe, nikanyoosha mkono, nikaitisha ledi.

Kelvin, na shule yote niliyomlipia, akawasha.

Mugendi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kelvin aliangalia moshi, akaniangalia mimi.

"Lakini Daddy, umesema redi."

Ningempeleka wapi? Kikapu cha chai hajui hata kinavaliwa upande gani. Sisi tulilipa kwa likizo mbili, na sijawahi kucheka vile tena. Yeye nilimlipia gemu mpya dukani jioni hiyo hiyo, kwa simu, hata kabla moshi haujaisha sebuleni: shilingi elfu hamsini na nne, mia tano.