Gari Nililomtunzia Baba

Gari lile nililinunua kwa ajili ya baba. Nilisema hivyo kabla sijalilipia, na nikaendelea kusema hivyo kwa kila aliyeniuliza bwana shamba wa Kibondo anataka nini na gari la spoti. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, paa la turubai la kukunja, na lilikaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani unaona kwanza magoti ya watu, nyuso baadaye. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa kigeni aliyekuja kujenga madaraja. Mkataba wake ulikwisha, anarudi kwao, na hakuna mtu aliyelitaka. Mimi nililitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mke, na nilipoliona tu nilimwona baba ndani yake.

Baba alikuwa dereva wa lori la mkonge kati ya Korogwe na Tanga. Maisha yake yote ya barabarani alikaa kulia, kashika usukani wa gari la mtu. Kuendeshwa hajui. Nikiwa mdogo aliwahi kuniambia kwamba siku moja angependa akae kushoto, akunje mikono, atazame miti kama bwana mkubwa. Basi nikamwandikia barua: baba, nimepata gari, nitakuja nalo Korogwe, nitakuendesha mpaka Tanga kwenye barabara yako ile ile, na hutagusa kitu. Jibu lilikuja na mwandiko wa dada yangu, maana baba kuandika hakupenda. Aliuliza, gari li hali gani?

Hali yake ilikuwa njema, na mimi nilikula kiapo ibaki hivyo. Barabara za huku juu zilikuwa zinaua magari. Kiangazi mawe na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, masika utelezi wa kukulaza njiani siku mbili. Nikajiambia, silitembezi huku. Nitaomba uhamisho wa kurudi Tanga, nikiupata nitalipandisha kwenye treni Kigoma, lifike kwetu halina hata mkwaruzo. Nikalifunika turubai nyuma ya nyumba ya serikali, nikaanza kungoja.

Kungoja sikukuweza. Mimi ni mtu wa hasira na haraka, sikai. Nilikuwa naamka alfajiri nalifunua, nalifuta, nalifunika. Mchana nikiwa shambani kwa wakulima nawaza panya wamekula nyaya. Kuku wa jirani alitaga kwenye kiti cha kushoto na nusura nigombane na mke wa mtu. Na maneno nayo. Miaka ile mtumishi wa serikali mwenye kitu kizuri alikuwa anatazamwa kwa jicho la upande, na mkubwa wangu wa kazi alinisimamisha mlangoni akasema, "Wananchi wanahamia vijijini na vitanda vyao kichwani, na wewe una gari la starehe. Umekuwa naizi, mrithi wa starehe za wazungu, bwana shamba?" Alicheka, ila mimi sikuona cha kuchekesha.

Nikaamua kulificha Makere, kwa mkulima mmoja rafiki yangu. Mtu huyu alikuwa Muha, amenizidi miaka kama kumi na mitano, na nilimwita kaka. Ujana wake aliuacha kwetu: alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, akakaa huko miaka kumi na moja, akarudi anajua kuendesha trekta na kutukana kwa Kisambaa. Tulipendana kwa sababu hiyo. Alikuwa na banda zuri la bati, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Nililipeleka mwendo wa kuku, nalikwepesha kila jiwe, safari ya saa chache ikawa siku nzima.

Nilipomkabidhi nilisema, kwa heshima tu, kama mtu anavyotafuta neno la kumfurahisha mwenyeji: "Kaka, nakuachia hili ulilee kama ng'ombe wangu." Akamwita mke wake, akawaita majirani wawili, akaniambia nirudie maneno yale mbele yao. Nikarudia. Akaniuliza, "Na nikiona linadhoofu?" Nikamwambia, "Fanya unavyofanya kwa ng'ombe." Wakakubali kwa vichwa wote. Nikaona wenzangu hawa wana adabu sana.

Ikapita miaka mitatu. Niliomba uhamisho nikaambiwa subiri, nikaomba tena nikaambiwa faili halionekani. Likizo nilikuwa nazo, kila mwaka yangu, sikuzichukua. Nitakwendaje kwa baba mikono mitupu, nashuka kwenye basi na begi kama mwanafunzi, wakati nimeshamwahidi gari? Nilisema nitakwenda nalo au siendi. Barua zilikuja kila baada ya miezi, fupi, mwandiko wa dada. Gari li hali gani? Li salama, baba, halijaguswa hata na vumbi. Gari lipo? Lipo. Mvua zikipita utakuja nalo? Nikamjibu mvua zimeharibu njia. Mwaka uliofuata nikamjibu petroli ni ya kibali. Kila nikifunga bahasha nilikuwa nasikia vibaya, halafu nakwenda kugombana na mtu kazini.

Rafiki yangu wa Makere naye alikuwa anakuja. Kila baada ya miezi kadhaa alifika Kibondo kwa lori la watu, na kibuyu cha pombe ya ndizi kimefungwa vizuri kwa jani. Alikaa, akanimiminia, akaningoja ninywe kwanza. Kisha ananiambia, "Ni zima. Halijaugua. Mguu mmoja uliumia kidogo, umepona." Mimi nilijua anatania, ndiyo mazungumzo yao watu wa ng'ombe. Nilikunywa nikamshukuru, nikampa sukari na sabuni za kupeleka nyumbani. Nilijiona nina bahati ya kupata mtu mwaminifu namna ile.

Siku moja dereva wa lori la maharage aliniambia kapishana na kigari chekundu karibu na Kabanga, kimebeba ndizi. Nikamwambia amelewa. Wiki mbili baadaye bwana afya, mtu wa dini asiyeonja pombe, akanieleza kwamba gari langu ameliona sokoni Kasulu, kuna bibi kizee kushoto kajifunga kanga kichwani, anasalimia watu kwa mkono. Damu ilinichemka. Sikuomba ruhusa kwa mtu, nikadandia lori la kwanza la kwenda Makere.

Banda lilikuwa tupu. Chini pana doa la oili na alama za matairi mbichi. Mke wake akanikaribisha kwa furaha, akaniambia mume wake katoka na mama, wanarudi sasa hivi, nikae nile ugali. Ugali gani? Nilizunguka ua ule mpaka mbwa akachoka kunifuata. Saa kumi hivi nikalisikia kabla sijaliona, likanguruma kwenye mpando, likakata kona ya migomba kwa mwendo ambao mimi mwenyewe sijawahi kuthubutu, likasimama mbele yangu. Bampa limefungwa waya. Taa moja si yake. Rangi ya mlangoni imechubuka mpaka bati linaonekana, nyuma mkungu wa ndizi, na mama yake mzazi kushoto, kajifunika blanketi, macho yanamtoka machozi ya upepo na meno mawili yaliyobaki yote nje kwa kicheko.

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Nilimwita mwizi mbele ya mama yake na mke wake, na majirani wale wawili wakaja mbio.

Yeye hakukasirika, alishangaa. "Bwana shamba," alisema, "ulinipa ulezi mbele ya hawa. Ng'ombe aliyepewa mtu alee, maziwa ya nani?"

"Hili si ng'ombe."

"Wewe ndiye uliyesema ng'ombe. Mimi nilijua ni gari. Nilikaa nalo miezi minne sijaligusa, betri ikafa, tairi zikakaa chini, panya wakazaa kwenye injini. Nikasema, linadhoofu, nifanye nilivyoambiwa. Ng'ombe usipomkamua kiwele kinavimba anakufa. Nikalitoa. Petroli nikaipata kwa kubebea watu ndizi na maharage. Na kila lilipoumia nilikuja kukueleza, na pombe nikaleta. Mara sita. Mara zote sita ulikunywa."

Majirani ndio walionifafanulia, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya choo. Kwa Waha mwenye ng'ombe huwakabidhi wengine kwa mtu mwingine awalee. Maziwa na samadi ni vya mlezi, ng'ombe ni wa mwenyewe. Mlezi anakwenda na pombe kutoa habari. Mwenyewe akiwa hakuridhika na malezi, pombe haigusi, anaisukuma pembeni, na hapo mambo yanasemwa. Akinywa, yamekwisha. Niliwaambia sikujua. Mmoja wao akaniuliza miaka yote hii nilikuwa nadhani mtu anasafiri siku nzima na kibuyu kwa sababu gani.

Yule mama akashuka taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaongea Kiha kirefu nilichokielewa nusu. Mwanawe akanitafsiria huku anatazama chini. Mwanawe alipokuwa manamba, mama huyu alimngoja miaka kumi na moja bila barua. Sasa anamwendesha. Kasulu ameiona, Kigoma ameiona, Kabanga anakwenda kutazama tu maua ya misheni halafu wanarudi. Mama anasema asante kwa kumpa mwanawe gari la kumtembezea. Nilitamani nipasuke. Nikauchomoa mkono wangu, nikaingia garini, nikawaacha wamesimama.

Niliondoka kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonifundisha kuendesha gari lile. Nilikanyaga mafuta nimkomoe mtu, sijui nani. Gari likaruka. Kumbe lilikuwa jepesi vile. Kumbe gia ya tatu inaimba. Mawe niliyoyaogopa miaka mitatu yalikuwa yanapita chini, moja likagonga, likanyamaza, na halikuharibika kitu. Upepo ulinitoa kofia sikusimama kuiokota. Kwenye mteremko mmoja watoto wa shule walipiga kelele na mikono juu, na mimi mtu mzima nikajikuta napiga honi kama mwendawazimu na kucheka peke yangu, hasira sijui imeshukia wapi. Injini ilikuwa nzima kuliko siku niliyoinunua. Nilipofika Kibondo nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope.

Tangu siku hiyo sikulifunika tena. Nilikwenda nalo mashambani, nilimpakia mkubwa wangu wa kazi naye akashika kioo cha mbele kwa mikono miwili na hakunitania tena. Na nikamwandikia baba, barua ndefu kuliko zote: sisubiri uhamisho, nachukua likizo mwezi ujao, gari limechakaa kidogo lakini linakimbia, jiandae. Nilikuwa naona raha hata kulala tabu.

Telegramu ilifika kabla ya likizo. Baba amefariki, njoo.

Nilipita Makere, nikamkuta rafiki yangu anapalilia. Nilisimama barabarani nikamwomba radhi pale pale, sikuwa na muda wa kibuyu. Akaacha jembe, akapanda kushoto na matope yake miguuni, tukaenda Kigoma kuwahi treni. Njia nzima, kila nilipotaka kupunguza mwendo alinionyesha mbele kwa kidole. Stesheni nilimpa funguo nikamwambia aendelee kumtembeza mama yake. Akaitikia tu.

Treni, kisha treni nyingine, kisha basi. Nilifika Korogwe siku ya tatu ya matanga, na begi, kama mwanafunzi. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Dada yangu alinikalisha jikoni akanipa chai, na mimi nikaanza kumweleza habari ya gari, kwa nini nilichelewa, barabara, uhamisho, petroli. Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyokuwa naandika.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba aliendesha lori miaka yote ile, unadhani alikuwa hajui barabara zilivyo? Gari hakulitaka. Kila akitaka kukuandikia ananiambia, muulize anakuja lini. Nikishika kalamu anabadilisha, anasema hapana, atadhani namsumbua. Muulize gari li hali gani."

Nilikuwa na barua zake kumi na moja ndani ya begi. Zote nilikuwa nimezijibu, na likizo tatu sikuzichukua, na treni ilikuwa inatoka Kigoma kila wiki.