Kadi Kuukuu ya Mama Tarehe

Katika stoo ya baridi ya kampuni ya maziwa, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Tarehe, na mwenyewe aliitika. Ukimkuta kazini unaelewa mara moja: koti zito linalomfika magotini, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na glavu yenye kidole kimoja kilichokatwa ncha ili aweze kupapasa tarehe zilizochapwa ubavuni mwa pakiti. Sheria yake ilikuwa moja, na aliitamka kama salamu: cha zamani kinatoka kwanza.

"Mama Tarehe, leo nipe yale ya nyuma, yana tarehe ndefu," dereva wa gari la usambazaji alimbembeleza.

"Ya nyuma yameingia asubuhi hii. Chukua ya mbele."

"Wenye maduka wananinunia!"

"Watanunua huku wamenuna."

"Hivi na nyumbani mumeo anaanza na kiporo?"

"Anakula anachopewa. Beba kreti, baba, mlango unapoteza ubaridi."

Miaka yote hiyo hakuna pakiti hata moja iliyomchachia rafuni. Sasa mtu wa namna hiyo utamlaumuje kwa alichofanya na kadi zake za benki?

Ilianza hivi. Mwenye nyumba wao, bibi mmoja mpole aliyekuwa anahamia kwa mwanawe, aliamua kuiuza nyumba waliyopanga. Ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mdogo, lakini ndimo Mama Tarehe alimolea watoto wake wote, na kila ukuta aliupaka rangi mwenyewe akiwa juu ya meza ya kulia chakula. "Nyinyi kwanza," bibi aliwaambia. "Ila mwezi ukiisha benki haijasema kitu, namwita dalali. Msije mkaninunia."

Basi Mama Tarehe akaona ajisafishe kabla ya kwenda kuomba mkopo, kama mtu anayeoga kabla ya kumwona daktari. Alikuwa na kadi moja ya mkopo, aliyoipata tangu enzi za kuosha kreti kama kibarua. Deni lake alilipa kila mwezi, hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Lakini kadi yenyewe ilikuwa imechoka: namba zimefutika, pembe imemeguka, na kikomo chake cha kukopa kilikuwa kidogo mpaka kinatia aibu. Wakati huo huo benki nyingine mbili zilikuwa zinagawa kadi mpya zinazong'aa kama samaki. Akachukua zote mbili, kisha akapiga simu kuifunga ile kuukuu. Cha zamani kinatoka kwanza! Akajisikia mwepesi, akapiga mluzi hadi kazini.

Ofisa mikopo alikuwa kijana mwenye tai iliyomkaba shingo na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Mama, mshahara uko vizuri. Malipo yako yote ni safi. Tatizo ni umri."

Mama Tarehe alijiweka sawa kwenye kiti. "Umri wangu unakuhusu nini wewe?"

"Si umri wako, mama. Umri wa akaunti zako. Hapa naona kadi mbili, zote changa. Hata jino hazijaota."

"Nilikuwa na ya zamani."

"Iko wapi?"

"Nimeifunga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya zamani!"

Kijana aliweka kalamu chini polepole, kama anaweka yai. "Mama, kwenye mikopo mambo ni kinyume. Sisi tunataka kujua umekaa na mkopo muda gani bila kuteleza. Ile kadi ndiyo iliyokuwa shahidi wako. Uliyolipa zamani hayajafutika, lakini kampuni inayotupa alama za wakopaji inahesabu umri wa akaunti zilizo wazi tu. Umemtoa mzee, ukaingiza vichanga viwili. Wastani umeporomoka."

"Yaani mimi ni yuleyule, mshahara uleule, uaminifu uleule, ila leo naonekana nimezaliwa juzi?"

"Ndivyo, mama."

"Na wewe unaona hiyo ni akili?"

Kijana alichungulia mlango wa bosi wake, kisha akanong'ona, "Mimi nimeajiriwa tu, mama."

Alitoka hapo damu inamchemka. Akavuka barabara moja kwa moja hadi benki ya ile kadi kuukuu, akasimama kwenye foleni nyuma ya mtu aliyekuwa anabishana kuhusu sarafu, na alipofika dirishani alikuwa hana tena hata chembe ya adabu ya ziada.

"Dada, nifungulie kadi yangu. Niliifunga kwa bahati mbaya."

Dada wa dirishani alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Ikishafungwa imefungwa, mama. Ila naweza kukupa nyingine leo hii."

"Hiyo nyingine itakuwa na umri gani?"

"Itaanza leo."

"Kichanga cha tatu!" Mama Tarehe alishika kichwa. "Mnanifanyia nini nyinyi watu? Nimekuja kuomba nyumba, mnanifungulia shule ya chekechea!"

Hata yule wa sarafu aligeuka.

Nyumbani alimkuta mumewe kwenye kochi, soksi moja imevuliwa, nyingine bado. Alikuwa fundi bomba wa hospitali, mtu mpole, lakini mtaani walimwita Bwana Baadaye, na hawakumwonea. Mabomba ya hospitali aliyatengeneza papo hapo. La jikoni kwake lilikuwa limefungwa kitambaa tangu shule zifunguliwe. Ndiyo maana mambo yote ya benki yalikuwa ya mkewe. Nani angemtuma Bwana Baadaye benki?

Mama Tarehe alimwaga yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, akajikuna goti.

"Kwani yangu haifai?"

"Yako ipi?"

"Kadi. Ile ya tangu sijakuoa."

"Si nilikwambia ukaifunge tulipooana?"

"Nikakwambia nitaenda baadaye."

Mama Tarehe alikaa, ingawa hapakuwa na kiti, akajikuta kwenye mkono wa kochi.

"Unataka kuniambia bado iko wazi?"

"Huwa nanunulia gundi ya mabomba. Inakatwa yenyewe kwenye mshahara, haijawahi kuleta shida. Sijaenda tu kuifunga, mama watoto. Kuna foleni pale."

Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga na kandambili, na kwa kuwa alishindwa kuchagua, alienda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku ya pili yake walikaa wote wawili mbele ya ofisa mikopo. Kijana alisoma kompyuta, uso ukachanua.

"Mzee! Hii kadi ina umri wa kupendeza kabisa. Nidhamu ya namna hii siku hizi hatuioni."

Bwana Baadaye alinyoosha kola. "Huwa sipendi kukurupuka."

Mama Tarehe alitoa mlio kama birika linalokaribia kuchemka.

"Tutaweka hivi," kijana alisema upesi. "Mzee mwombaji wa kwanza, mama mwombaji wa pili, mishahara yote miwili. Kwa hali hii mkopo unapita, na riba ni ya kawaida. Mkisaini leo, mwenye nyumba anapigiwa simu leo."

"Na zile kadi zangu mbili nifanyeje?" Mama Tarehe aliuliza.

"Usizifunge, mama. Na usifungue nyingine. Ziache zikae."

"Zikae mpaka lini?"

"Zizeeke tu."

"Hiyo kazi niachie mimi, mke wangu," Bwana Baadaye alisema kwa upole, na kijana akajikohoza ili asicheke.

Karatasi ikasukumwa mezani. Bwana Baadaye alijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti.

"Nimesahau miwani nyumbani. Kijana, si tunaweza kuja kusaini baa..."

"Malizia hilo neno," Mama Tarehe alisema bila kupandisha sauti, "uone kama hiyo nyumba utaingia."

Akamshika mkono, akaiweka ncha ya kalamu juu ya mstari. Bwana Baadaye alimwangalia, akaangalia mstari, akasaini.