Siku Nilipojaza Bunduki Upepo wa Tairi

Najua mshaisikia, tena mmeisikia ile ya Rama fundi tairi ambayo kila wiki inaongezwa chumvi, eti nililia, eti nilikimbia mpaka barabarani bila kiatu, sasa leo naisimulia mwenyewe ili angalau nichekwe kwa nilichofanya kweli. Na nilichofanya kweli ni hiki: mbele ya kijiji kizima, mbele ya afisa wanyamapori na mbele ya mama mkwe wangu, nilifyatua bunduki mpya inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na risasi ikaanguka miguuni kwangu.

Tuanze mwanzo. Kwetu Daa, huku Karatu, ukipanda mahindi leo, kesho alfajiri kanga wameshafika, wanafukua mbegu mstari kwa mstari kana kwamba walikuwepo wakati unapanda. Watu walichoka, wakaanza kuchanganya mbegu na sumu na kuzimwaga pembeni ya shamba, kanga wakafa kweli, lakini wakafa na kuku wa majirani na mbwa, na siku moja (mnajua kazi yangu ni udereva wa watalii) nikiwa na wageni njiani kurudi kutoka kreta, nikawakuta tai wanne wamelala karibu na mzoga wa mbwa, mabawa wazi. Mgeni mmoja mama mtu mzima akaniuliza, "Wamepumzika?" Nikamwambia ndiyo, nikakanyaga mafuta.

Ndiyo nikasimama mkutanoni nikasema sumu basi, tuombe kibali, mtu mmoja apewe ruhusa ya kuwinda kanga kwa bunduki ya upepo, shamba lipone na nyama tule. Afisa akakubali, ila akaweka sharti, kwa sababu mahali pengine walimpa kibali mtu asiyejua kulenga, kanga wakawa wanazunguka na mguu mmoja na mabawa yaliyovunjika, mateso matupu. Huyu wetu angepimwa hadharani: risasi tano, hatua thelathini, zote ziingie kwenye duara la mfuniko wa chupa ya maji, maana kichwa cha kanga ndiyo ukubwa huo, na ukipiga hapo anakufa papo hapo. Akikosa hata moja, kibali hakuna. Nikanyoosha mkono mimi. Mzee Baha, ambaye shamba lake ndilo linaloliwa kuliko yote, alisubiri afisa apande pikipiki yake aondoke, halafu akasema taratibu, "Akikosa, kila mtu atajua la kufanya shambani kwake." Hakutaja sumu, na hakukuwa na haja.

Sasa bunduki ya kujifunzia nilikuwa nayo. Ya mama mkwe. Marehemu baba mkwe alimwachia bunduki ya kukunja, ile ambayo unaukunja mtutu kwa mkono, unaweka risasi, unarudisha, unapiga, na karatasi zake zote mama amezitunza kwenye kopo la biskuti. Mwezi mzima nilikuwa napiga nyuma ya nyumba yake, kwenye ukingo wa korongo, yeye amekaa kwenye kigoda anachambua maharage ya ngwara, nikikosa anaguna, nikipata hasemi kitu. Wiki ya nne akawa haguni kabisa. Lakini jamani, ile bunduki! Kitako kilishapasuka kikafungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, mtutu umechubuka, na mimi nikawaza kijiji kizima kinaniangalia, mimi mwenye sare ya kampuni na miwani ya jua, nimeshika kitu kama kipande cha jembe. Nikamwambia, "Mama, hii ipumzike sasa, imefanya kazi." Akanitazama, akajibu, "Haya, Baba Neema," akairudisha ndani.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaenda Arusha, kwenye duka lenye leseni, nikiwa na karatasi zangu za polisi mkononi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, mpole, akaniwekea mezani bunduki mbili, moja ya kukunja kama ya mama mkwe ila mpya, nyingine nyeusi, ina darubini, na chini ya mtutu ina mtungi wa kujazwa upepo. Akaniuliza, unapiga nini? Nikasema kanga. Umbali gani? Nikasema hatua thelathini. Akaisogeza ile ya kukunja. "Basi hii inakutosha, kanga hahitaji zaidi ya hapo, na upepo wake ni mkono wako mwenyewe. Hiyo nyeusi ni nzuri lakini utajazia wapi upepo?" Nami (Mungu anisamehe) nikacheka nikamwambia, "Mama, mimi natoka Karatu. Kwetu mafundi tairi ni wengi kuliko wateja." Akafungua mdomo anieleze, nikamwinulia mkono: najua, najua.

Sikujua chochote. Bunduki ile inataka pampu yake maalumu, upepo wenye nguvu mara ishirini ya ule wa kompresa ya tairi, na mimi nikaipeleka kwa Rama Tairi pale kwenye lami, na Rama hajawahi kusema kitu hakiwezekani. Akachonga kiunganishi kutoka kwenye bomba la breki la gari bovu, akakifunga na kibanio, akawasha kompresa, ikanguruma mpaka madereva wakatoka kwenye chai kuja kuona. Bunduki ina saa ndogo ya kuonyesha upepo, mshale ukanyanyuka kidogo tu ukalala. Nikasema Rama, mbona haupandi? Akasema huo mshale mvivu, tena akanipa hesabu yake: "Upepo huuhuu unabeba Land Cruiser na wazungu saba na masanduku yao. Kanga ana kilo ngapi?" Nikaona ana hoja! Na ili nisiupoteze ule upepo, sikupiga hata risasi moja ya kujaribu. Niliutunza kwa ajili ya siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi, nyuma kwa mama mkwe, kwa kuwa ukingo wa korongo unazuia risasi. Watu wamejaa, wengine wamekaa juu ya matofali, Mzee Baha yuko mbele na fimbo yake, afisa ameshika daftari, ubao wenye duara umesimamishwa ukingoni. Nikaitoa ile bunduki kwenye begi lake polepole, watu wakafanya "aaah", nikavaa miwani, nikavua miwani, nikaweka risasi, nikalenga kwa darubini, nikavuta.

Pfyuu.

Sauti ya mtu anayepuliza chai. Risasi ikachungulia kwenye mtutu, ikatoka, ikaanguka hatua moja mbele yangu, tk! Hakuna aliyecheka, walikuwa bado wanasubiri mlio. Kisha kuku mmoja mwekundu wa mama mkwe akaja mbio, akaiona inang'aa, akaidonoa, akaondoka nayo mdomoni.

Sasa mngekuwa ninyi mngemwacha. Mimi mtu wa ndege, kila siku nawaeleza wageni kwamba madini ya risasi yakiingia tumboni mwa ndege yanamuua taratibu kwa sumu, na nimesimama pale kupinga sumu, halafu kuku wa mama mkwe afe kwa risasi yangu? Nikatupa heshima yote nikamkimbiza. Kuku akipata kitu hawezi kukaa nacho, wenzake wote wakamfuata wamnyang'anye, mimi nikawafuata wote, tukapita katikati ya akina mama, tukazunguka choo, tukapita chini ya kamba ya nguo nikatoka na kitenge shingoni, na pale kwenye birika la ng'ombe mguu ukateleza, nikaingia kwenye tope kifudifudi, sare, miwani, vyote. Kuku akashtuka, akaachia risasi. Nikaiokota kwenye tope nikainyanyua juu nikapiga kelele, "Nimeipata!"

Hapo ndipo walipocheka. Nyie, watu walicheka wakashikana mabega, mmoja akaketi chini kabisa, Rama (nani alimwalika?) akafuta machozi kwa kofia. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, Mzee Baha. Alisimama, akajikung'uta suruali, akasema, "Basi tumeona. Twendeni." Na watu wakaanza kunyanyuka. Niliwaona wale tai wanne tena, jamani, wazi kabisa, na aibu ya kuanguka ikaniisha, ikabaki hofu tu.

"Baba Neema." Mama mkwe alikuwa mlangoni ameshika bunduki yake yenye mpira wa tyubu, kwenye mkono mwingine ana kopo la biskuti. Akampa afisa karatasi. Bunduki akanipa mimi. "Kaa kwanza upumue," akasema, "halafu piga kama unavyopigaga."

Nikakaa palepale chini. Afisa akasoma zile karatasi, akazikunja, akaitikia kwa kichwa, akasema ile ya kwanza lilikuwa kosa la bunduki, si la mlengaji, tunaanza upya, tano. Mzee Baha akasita, hakuondoka. Nikakunja mtutu, nikaweka, nikarudisha, nikavuta pumzi. Ta! Msichana aliyekuwa karibu na ubao akapaza sauti, "Ndani!" Ya pili, ndani. Ya tatu, ndani. Ya nne ikakata mstari wa duara, afisa akaenda kuangalia kwa jicho lake, akarudi anaandika, akasema imeingia.

Ya tano, kidole kiko kwenye triga, yule kuku mwekundu akatokea. Akasimama mbele ya ubao kabisa, akaanza kuparua. Watu wakapiga kelele, piga, piga, haitamgusa! Nafasi ilikuwepo, juu ya mgongo wake, nimeshawahi kupiga nafasi ndogo kuliko ile. Nikashusha bunduki nikaiweka mapajani nikasubiri. Kuku akaparua, akala mdudu, akaparua tena, mimi nimekaa na tope linanikaukia usoni, mpaka akajiondokea mwenyewe. Nikainua. Ta!

"Ndani!"

Sijui nani alininyanyua, niliona tu niko juu juu, kitenge cha watu bado shingoni, akina mama wanapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Afisa akafunga daftari, akasema kwamba zile tano zingepigwa na mtu yeyote aliyejifunza, lakini kibali ananipa kwa ajili ya ule muda niliomsubiri kuku. Na Mzee Baha akanijia, akanitazama tope kuanzia juu hadi chini, akageuka kwa watu ili wote wasikie: "Jumatatu aanze na shamba langu." Nilitaka kumkumbatia ila nilikuwa mchafu.

Kanga wa kwanza nilimpeleka kwa mama mkwe. Akamgeuza kichwa, akatafuta tundu, akalipata palepale panapotakiwa. "Huyu hakusikia hata maumivu," akasema, akaanza kumnyonyoa. Msimu huu hakuna mbwa aliyekufa Daa.

Ile nyeusi niliirudisha Arusha, na yule mama wa duka, kabla hata sijaongea, akaniuliza, "Ulijazia wapi?" Nikamwambia. Alicheka mpaka akashikilia meza, akanirudishia nusu ya hela, nami sikubisha. Na kila nikipita pale kwenye lami na wageni, Rama anatoka na bomba lake, anagonga kioo, "Mwindaji, nikuongeze upepo?" Wageni wanauliza anasema nini, nawaambia anatutakia safari njema. Lakini nimeapa, na ninyi mashahidi: mtu anayejua kitu akifungua mdomo kunieleza, mkono wangu utakaa chini, na ile bunduki ya tyubu nitaibeba mbele ya yeyote, hata mbele ya rais.