Miiba ya Bonde la Nyamuswa

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma, Mpima Mkuu hakunikaribisha hata kiti. Alinibebesha thiodolaiti, kile chombo cha kupimia pembe, akasema, "Ramani yako ikikosea, kuna watu wataishi ndani ya kosa lako." Nikaitikia ndiyo mzee, akili yote iko kwenye chai.

Baadaye nikahamishiwa Bunda. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa bonde kavu chini ya Nyamuswa. Juu wakulima, chini wafugaji, katikati mchanga wa mto uliokauka. Nikakuta marundo ya miiba yametapakaa mchangani, nikaandika kwenye ramani: maboma ya ng'ombe yaliyohamwa. Kwa neno langu hilo, mchanga ule ukapangiwa trekta lije kuusawazisha, pawe mashamba. Mimi mtu wa ziwani bwana, maji kwetu ni yale yanayoonekana.

Siku ninasimika bikoni ya mwisho, lile jiwe la mpaka, akaja Mama Wegesa, mfugaji wa pale, na ndoo yake. Akavuta rundo moja pembeni, akainama, akachota maji meupe kabisa.

"Mama, hapa kuna maji?"

"Kila nyumba inakuwaga na shimo lake. Tunafunika na miiba, ng'ombe wasikanyage. Kwani wewe afisa ulidhani nini?"

"Maboma."

Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. Mimi nikatazama saa. Ramani ilikuwa Musoma, inasainiwa mchana uleule, na baada ya hapo mashimo yote yangefukiwa.

Nikakodi pikipiki, tukakatiza njia ya Butiama, nikaingia ofisini na vumbi hadi kwenye kope. Mpima Mkuu ameshashika kalamu.

"Mzee, usisaini. Nimekosea."

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja wa pale bondeni."

Akafunika kalamu taratibu. "Basi huyo ndiye mpima. Rudi akuoneshe shimo mojamoja."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nafurahi kama niliyepona malaria.

Sasa nimestaafu, nipo zangu Kitaji, hapa Musoma. Nyie vijana wa upimaji mna droni, hongereni, ila shukeni kwenye gari muulize wenyeji. Juzi nilipita bondeni. Miiba ipo palepale. Mama Wegesa, mzee sasa, akanipa kikombe cha maji.

"Kunywa, Bwana Maboma."

Jina hilo wamelishika bonde zima. Nikanywa yote, nikaomba kingine.