Bango Lisilo na Mdudu Mzuri

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani. Nakusimulia leo kwa sababu nimekuona ukitazama picha ya mdudu kwenye simu na kutaja jina lake kabla hata hujaikuza.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nauza dawa za kuua wadudu wa mimea katika duka moja Remera, wakati simu zenye kamera zilipoanza kuzagaa Kigali. Mezani tulikuwa na bango la picha za wadudu. Mteja akileta picha, nailinganisha na bango, nataja jina, nampa chupa. Nilijivunia sana kasi yangu.

Mama Zaituni, fundi cherehani wa Batsinda, aliwahi kuniletea picha ya kunguni wa mimea, mwembamba wa kijani, juu ya jani la nyanya. Nikamwambia huyo ni mnyonya utomvu, nikampa dawa. Akapulizia. Kunguni wakafa, lakini nzi weupe, wale wadogo wanaofyonza majani, wakaongezeka mpaka nyanya zote zikanyauka. Na bustani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake.

Akapanda upya. Siku ninayokuambia alirudi na picha nyingine ya mdudu yule yule.

"Huyu tena, mama. Dawa ni ile ile," nikasema, kidole kikiwa kwenye bango.

Akaliinamia bango. "Wewe mtoto, wadudu wazuri wako wapi hapa?"

Nikapitisha kidole picha kwa picha; hakukuwa na hata mmoja.

"Wote iko wabaya? Na hii bango nani aliichapisha?"

Mwanangu, lilichapishwa na watengenezaji wa dawa. Ukimlinganisha mdudu yeyote na picha za wahalifu watupu, utamwona mhalifu. Nilikuwa nimelitumia bango hilo miaka miwili bila kujiuliza swali la fundi cherehani.

Mwenye duka akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpe chupa aende! Mteja anataka jina, hataki darasa."

"Jina sina," nikamjibu. "Picha imepigwa kwa juu, tena imefifia. Mdomo wa mdudu hauonekani, wala anachofyonza."

"Kumbe tuna profesa wa kunguni! Taja jina, sha wewe, au kazi huna."

"Oya, hapana," nikasema. "Sitataja nisichokijua."

Nikachukua lenzi yangu ndogo, nikaondoka na Mama Zaituni hadi Batsinda. Tukageuza jani. Kunguni wetu alikuwa amemchoma kwa mdomo mtoto wa nzi mweupe, anamfyonza. Mlinzi wa nyanya! Ndiye niliyemuua msimu uliopita. Lakini hata yeye, nzi weupe wakimwishia, hutoboa shina na kuacha pete za kahawia. Kwa hiyo hatukupulizia, bali kila wiki tulikagua mashina. Nyanya zile zilivunwa, na wajukuu wakala. Kazi sikurudishiwa, wala sikuiomba.

Sasa nisikilize. Picha moja ya mgongoni haitoshi. Omba ya ubavuni na ya chini, mdomo na vipapasio vionekane, na rula kando yake ili ujue ukubwa. Uliza alikuwa kwenye mmea gani, anafanya nini. Wako kunguni wanaofanana hivi kwamba bila hadubini hata bingwa hawezi kuwatenganisha. Hapo ishia kwenye jamii yao, spishi iache wazi. Watakucheka. Watakuambia simu imeshataja jina kwa sekunde moja. Iulize simu hiyo ilifundishwa kwa picha za nani. Wakikubana, nawe kaza: sema "sijui bado" kwa sauti ile ile unayotajia jina, usiinamishe kichwa. Bustani ya mtu haipuliziwi kwa kukisia kwako.

Mungu akupe jicho lenye subira na ulimi usionunulika. Nenda, mwanangu, na asikutishe mtu.