Baiskeli Isiyo na Keria

Fundi wa baiskeli wa Litein hupima kila baiskeli kwa namna moja: huibonyeza matairi kwa kidole gumba, huisikiliza cheni, kisha huteremka nayo mbio kati ya michai mpaka mtoni. Ile aliyoleta mwalimu, yenye springi fupi mbele na nyuma, ilimeza mawe yote bila kumtikisa mabega. Alirudi akiifuta tope kwa kofia yake.

"Breki ni kali, mwalimu, na mlima inapanda. Lakini haina keria. Mama watoto utambeba wapi?"

"Mimi niko peke yangu, fundi."

Fundi aliigeukia baiskeli yake mwenyewe, nyeusi. Mto wa kukalia wa keria alikuwa ameukung'uta asubuhi, kama kila siku tangu amzike mkewe.

"Hata hivyo," alisema, "nitakuwekea."