Mama Alipohamia Redio Yetu

Mwaka wa zile mvua za Elinino nilikuwa nimechoka, na sisemi uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nilikuwa natengeneza websaiti ya redio moja mpya ya FM mjini Dar, siku ambazo ukimwambia mtu unatengeneza websaiti anakuuliza duka lako liko mtaa gani. Neno tovuti lilikuwa bado halijatufikia. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya simu, na mie nikitaka kuingia kwenye intaneti ilibidi sista wa mapokezi aweke mkonga chini, na akiuweka anasonya. Modemu ilipiga makelele yake, tukasubiri. Picha ya mtangazaji ilishuka kwenye kioo kuanzia utosini, na kabla haijafika kidevuni umeme umekatika. Naanza upya. Ndiyo kazi niliyoisomea, jamani.

Na muziki! Majirani zetu Tandika walidhani nina raha kwa sababu nashinda redioni. Raha ipi? Spika zilikuwa kila chumba, mpaka chooni, zinapiga nyimbo zilezile za Kimarekani kutwa, na katikati yake mtangazaji anacheka mwenyewe kwa alichosema mwenyewe. Soko huria lilitumwagia kila kitu kwa mpigo: mitumba, televisheni, sabuni za kila rangi, na watangazaji wa kucheka. Walikuwepo vijana waliokuja getini na kanda zao, wamerap kwa Kiswahili, wanaeleza maisha ya mtaani hukohuko kwetu. Hao niliwapenda, ila hakuna aliyeniuliza, na wengi mlinzi aliwarudisha. Basi nilikuwa navaa hedifoni za wokimani, nasikiliza dansi la zamani, magitaa yanajibizana na saksafoni inaingia taratibu bila kumsukuma mtu. Redio iliyonilipa sikuisikiliza kabisa. Siombi radhi kwa hilo. Hata anayekaanga chipsi kutwa akirudi kwake anataka ugali.

Mtu wa redio nyumbani kwetu alikuwa mama. Alikuwa mtuma salamu, tena si wa kubahatisha. Ananunua kadi za salamu dukani, anajaza jina lake, anajaza majina ya anaowasalimu, anachagua wimbo, anazituma redio ya taifa, na Jumapili mchana anakaa na chai yake kusubiri zisomwe. Wengine walituma salamu kwa sifa tu, watajwe. Mama alituma kwa sababu ya mdogo wake, ambaye ni mama yangu mdogo, aliyeolewa Liwale huko kusini. Wamebaki wawili tu kwao. Barabara ya kusini enzi zile ilikuwa udongo mtupu, masika yakiingia hata lori linazama, basi haliendi na barua haiendi. Mama mdogo kwa kuandika hakuwa hodari, ila kusikiliza alisikiliza. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana: jina la mama likisomwa Jumapili, mama mdogo anajua dada yake yuko hai. Lisiposomwa wiki mbili tatu, ajue kuna jambo. Ujumbe wa mama kwenye kadi haukubadilika miaka yote: mie mzima, sijui nyie.

Nilipopata ile kazi nilimnunulia redio mpya yenye FM. Ile yake ya zamani ilikuwa inakwaruza, sauti inakuja na kuondoka, inabidi mtu ashike waya. Hii mpya akiifungulia kwenye masafa yetu, mtangazaji anasikika utadhani kakaa kitandani. Mama alishangaa. "Loo! Hii ndiyo redio," alisema. "Ile nyingine imezeeka, sauti haina nguvu." Nilikuwa navua viatu, miguu imevimba.

Kazini bosi wetu, aliyekuwa karudi toka Ulaya na simu ya mkononi kubwa kama tofali, alinisimamia nyuma ya kiti. "Sista, hapo juu kabisa weka maandishi makubwa: Tunasikika duniani kote."

"Bosi, tunasikika wapi? Ukivuka Kibaha tu ni mkwaruzo."

"Wewe andika bwana. Intaneti si ya dunia nzima?"

Ishu ya kubishana na mwenye hela sikuwa na nguvu nayo. Niliandika. Nikaweka na kitabu cha wageni, na kweli watu walianza kuandika, kutoka Muscat, kutoka London, mmoja kutoka huko kwenye theluji, wote wanasalimia ndugu zao wa Magomeni na Temeke. Salamu hizo zilichapwa na kusomwa hewani, na bosi akatembea kifua mbele wiki nzima. Nami nilichapa ule ukurasa wa kwanza nikampelekea mama aone mtoto wake anafanya nini kutwa. Aliubandika ukutani, juu ya kabati la vyombo. Wageni wakija anawaonesha. Anawasomea kwa kidole: tunasikika duniani kote.

Sasa jambo ambalo sikulijua ni kwamba mama alikuwa amehama. Nilijua anatuma salamu na kwetu, kwa sababu wafanyakazi wenzangu walinitania: "Mama yako leo katuua kwa kadi." Alikuwa anazileta mwenyewe mpaka mapokezi, na mtangazaji wa Jumapili alimpenda, anamwita mama yetu wa Tandika. Wimbo aliouomba hatukuwa nao, ule waliocheza yeye na mdogo wake wakiwa wasichana, basi wanampigia wowote wa vijana. Hakulalamika. Nilichodhani ni kwamba anatuma na kule kwa zamani pia. Aa wapi! Aliacha kabisa. Nilikuja kumuuliza baadaye kwa nini, akasema, "Watu wa kazini kwako wakisikia mama yako mzazi anasalimia kwingine, si watakuona huna maana? Nilikuwa nakushikia kazi yako, mwanangu."

Mvua zikaja. Nyie mlioziona hamhitaji kuelezwa. Zilinyesha nje ya msimu na zikaendelea ndani ya msimu, kuta zikaota ukungu, na vyoo vya mtaa mzima vikafurika. Nilifika kazini nimelowa, nikarudi nimelowa. Mabondeni maji yaliingia majumbani, na redio ya taifa ikawa inatangaza kila siku: Dar es Salaam watu wamesombwa, Dar es Salaam familia zimepoteza ndugu. Kwetu nyumba ilisimama, ilivuja tu sebuleni. Kusini njia ilikatika kabisa. Mama hakuwa na wasiwasi. Mdogo wake kunyamaza masika ilikuwa kawaida, na yeye kwa upande wake kila Jumapili alisomwa, tena kwa mbwembwe. "Ananisikia," alisema, anapuliza chai. "Safari hii ananisikia vizuri kuliko zote."

Mvua zilipokatika na barabara kuanza kupitika tena, nilikuwa nyumbani, Jumamosi mchana, nimejinyoosha mkekani barazani na kitambaa cha maji kichwani. Akaingia mwanamke uani, kajifunga kanga moja na kujitanda nyingine mpaka machoni, miguu ina vumbi jekundu. Alivua ndala, akaja moja kwa moja kwangu, akanipigia magoti akanikumbatia, akaanza kulia. Nilimjua kwa sauti. Mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo," nilisema. Nikajua kuna aliyefariki Liwale.

"Pole mwanangu," alisema. "Pole sana. Ningekuja mapema, njia hakuna. Mmemlaza wapi?"

"Nani?"

"Mama yako."

Kabla sijasema neno mama alitokea jikoni, mikono ina unga mpaka viwikoni, anauliza nani huyo analia. Wakaangaliana. Nilitegemea vigelegele. Mama mdogo hakuinuka. Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu, akafunika mdomo kwa kanga.

Alipopata sauti ilikuwa ya hasira. "Uko hai," alisema. "Uko hai, dada, na ukaninyamazia miezi yote hii? Redio inasema Dar watu wamekufa maji, nami nakaa kila Jumapili, sikusikii. Nikasema labda kesho kutwa. Nikasema labda kadi zimechelewa. Nimekukosea nini mie?"

"Kukunyamazia?" Mama naye alipandisha sauti. "Mie? Hakuna Jumapili niliyoacha! Muulize mwanao huyu. Kwenye redio yao, kila wiki, mtaa mzima shahidi. Hata mgonjwa nilituma!"

"Redio gani?"

Mama aliingia ndani akatoka na ile redio, akaifungua. Ikatoka sauti safi kabisa, msichana anacheka. "Hii," alisema. Mama mdogo alisikiliza, uso umekunjamana, akatikisa kichwa. "Kwetu hii haiji. Sijawahi kuisikia."

Mama akanigeukia. Najua alikuwa anangoja nimkosoe mdogo wake, niseme labda hajui kutafuta masafa. Nilitamani Mungu anitoe pale barazani.

"Haifiki Liwale, mama," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Haifiki hata Chalinze. Ni ya hapa mjini tu."

"Na yale maandishi?"

"Ni bosi tu, mama. Ni tangazo."

Alizima redio. Unga ulikuwa umeanza kumkaukia mikononi, anaubandua kidogo kidogo bila kuuangalia. "Basi muda wote nilikuwa nasalimia nani?" aliuliza. Nimeulizwa maswali mengi tangu hapo na watu wenye tai, juu ya kazi hii na faida yake, na hakuna lililonikaa kifuani kama hilo.

Alikwenda kukaa sakafuni karibu na mdogo wake, mabega yanagusana, na hasira ya wote wawili ikawa imeisha kwa kuchoka. Mama mdogo alimpangusa unga kwa ncha ya kanga. Wakalia kidogo. Kisha mama akauliza, kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeuliza habari za shughuli asiyohudhuria: "Uliniombea dua?"

"Nilikusomea hitima. Nilipika wali, nikachinja yule jogoo."

"Walikuja watu?"

"Wachache, dada. Mvua ilikuwa haiachii."

"Walilia?"

"Nililia mie. Kule nani mwingine anakujua?"

Mama aliitikia kwa kichwa, anakubali kwamba ni kweli. Nilisema niwaletee maji, hakuna aliyenisikia, nikabaki nimesimama. Nikamwambia mama mdogo asihofu, kuanzia Jumatatu kadi zote zinarudi redio ya taifa, nitazipeleka mwenyewe kwa mkono, na yeye akifika tu Liwale afungue redio yake Jumapili kama zamani.

Mama mdogo hakuniangalia mimi. Alimwangalia dada yake.

"Redio sinayo. Niliitoa sadaka msikitini," alisema. "Kwa jina lako, dada. Sikuwa na kitu kingine cha thamani cha kukutolea."

Mama alimshika mkono. Akasema lile ambalo kila mtu husema anapoambiwa sadaka imetolewa kwa ajili ya maiti wake.

"Mwenyezi Mungu aitakabali," alisema.